Mkojo Uliochujwa kwa Kitambaa cha Maziwa

Siku niliyoagwa kazini nilikula keki, nikanywa soda, na nilipoitwa kuhutubia nikasema asanteni, nikaketi. Kendi, ambaye sasa ndiye anayekalia kiti changu pale maabara, hajanisamehe. Amenitumia ujumbe mara mbili kupitia kwa dereva wa hospitali: kama nilishindwa kusema, basi niandike, kwa sababu vijana walioajiriwa juzi wanadhani maabara ilianza na mashine za umeme. Haya, ninaandika. Sitasema nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwa kiasi gani. Mambo hayo yalitokea nikiwa nimeinamia hadubini na sikuyaona vizuri. Nitasema juu ya mkojo.

Najua kuna watakaocheka. Ndugu yangu mmoja ni karani wa korti, na kila Krismasi huwauliza watu mezani kama wamenawa baada ya kunisalimia. Lakini nimeyatumia maisha yangu ya kazi kutazama kitu ambacho watu huona aibu kukitaja, na ndani yake nimeona vita ambavyo wenye miili hawakujua vinapiganwa. Sioni haya hata kidogo. Nimeondoka mapema, kwa hiari, nikiwa bado sijafika umri wa miaka hamsini, kwa sababu miguu yangu haijawahi kupenda kukaa mahali pamoja. Macho ndiyo yaliyopenda kazi hii.

Nilifika Nyeri miaka michache baada ya uhuru, nikiwa na cheti cha kidato cha nne, tulichokiita Fomu Foo, koti la kuazima, na nia ya kukaa mwaka mmoja tu kabla ya kwenda kuona dunia. Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya wadi, chenye dirisha kubwa na meza ndefu ya mbao iliyoliwa na asidi. Mkuu wake alikuwa Mzee Ndirangu, mtu mwembamba aliyejifunza kazi jeshini wakati wa vita vya pili vya dunia. Mpaka wakati huo aliwasha taa ya spiriti kana kwamba ofisa alikuwa amesimama nyuma yake. Alinitazama viatu, kisha uso.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Fomu Foo."

"Basi hilo ndilo jina lako, mpaka nione kama kuna lingine unalostahili."

Aliniita Fomu Foo mbele ya wagonjwa, mbele ya madaktari, na siku ya harusi yangu akiwa ameshika kipaza sauti.

Somo la kwanza alinipa kabla sijavua koti. Kulikuwa na chupa iliyoletwa jana yake jioni, na mimi, nikitaka kuonekana mwenye bidii, niliishika ili nianze nayo. Aliichukua mkononi mwangu akaenda kuimwaga nje. Mkojo wa asubuhi uangaliwe asubuhi, alisema, na wa jana ni wa kumwagia migomba. Ukikaa, vitu vyote unavyotaka kuviona vinavunjika na kuyeyuka, na wewe utaandika kwamba hakuna kitu, na daktari atakuamini. Hilo la daktari kuniamini lilinitia hofu kuliko mengine yote, na nadhani ndivyo alivyotaka.

Zana zetu zilikuwa chache, na zote zilikuwa na tabia. Mashine ya kuzungushia mkojo ilikuwa ya mkono, imefungwa kwa skrubu ukingoni mwa meza. Unatia mirija miwili, unashika mpini, unazungusha mpaka uzito wote ushuke chini ya mrija. Mimi nilizungusha kwa nguvu zangu zote za ujana. Mzee Ndirangu aliniuliza kama kuna ng'ombe ninayemfukuza, kwa sababu kwa mwendo ule nilikuwa navunja kila kitu chenye maana. Hadubini nayo ilikuwa ya kioo cha kuakisi, haikuwa na taa, kwa hiyo ilitegemea jua. Wanaoijua Nyeri wanajua mwezi wa saba ulivyo: ukungu unashuka kutoka mlimani na kukaa kama mgeni asiyeaga. Kwa siku hizo Mzee alikuwa na chupa ya mviringo iliyojaa maji yenye mrututu, ile dawa ya buluu ambayo wenye kahawa huichanganya na chokaa na kunyunyizia miti yao. Aliiweka mbele ya taa ya karabai, na mwanga uliopita ndani yake ulitoka mweupe na mtulivu kama wa saa nne asubuhi. Mrututu aliutoa shambani kwake. Kendi, hiyo chupa bado iko kabatini, usiitupe.

Chini ya mwanga huo ndipo nilipofundishwa seli nyeupe za damu. Mzee alinionyesha zile ndogo zenye kiini kilichogawanyika vipande, ambazo hufika kwanza popote penye vurugu, na zile kubwa zinazofika baadaye na kumeza kila kinachoachwa. Nilidhani kazi yao ni njema siku zote. Kitabu kilisema ndizo zinazolinda mwili. Nilimwambia hivyo, naye akasema kitabu kimesema kweli, ila hakijamaliza kusema.

Baada ya miaka michache ugonjwa wa barabara ulinishika. Niliomba uhamisho kwenda Kangema, halafu Embu, halafu Nanyuki, na kila mkuu wa kituo aliponiuliza sababu nilitaja ile ambayo mtu hawezi kukataliwa, mara mama mgonjwa, mara shamba. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona mlima kutoka upande mwingine. Lakini sikuzurura bure. Kangema, kwenye majani chai na baridi isiyokauka, niliona watoto wengi wenye upele uliochimbika kuwa vidonda. Baadhi yao, vidonda vikishapona, walirudi wamevimba macho, na mkojo wao ulikuwa rangi ya turungi, ile chai isiyotiwa maziwa. Ilinishangaza kwamba ugonjwa ulikuja baada ya kidonda kupona. Niliweka swali hilo moyoni, na niliporudi Nyeri nikapanga chumba mtaa wa Skuta, nikaingia tena maabara kama mtu aliyetoka kununua sigara.

"Fomu Foo," Mzee Ndirangu alisema bila kuinua macho, "leta mirija."

Mwezi wa saba wa mwaka huo ndipo alipokuja Wangeci.

Alikuwa msichana wa darasa la nne kutoka upande wa Mukurweini. Kituo cha afya cha huko kilimwona amevimba uso, kikamwambia mama yake ampeleke Nyeri kesho yake, aje na mkojo. Walipanda basi la kwanza. Mama Wangeci alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa cheupe kichwani, sweta lililopigwa pasi. Naam, sweta. Chupa aliyoniletea ilikuwa ya dawa ya kikohozi, imesuguliwa mpaka inang'aa, na kizibo chake kilikuwa cha gunzi lililochongwa vizuri kuliko vizibo vyetu.

Nilichemsha mkojo huo juu ya taa ya spiriti na kutia tone la asidi. Uliganda mweupe, mzito, kama maziwa lala. Maana yake protini nyingi ilikuwa inavuja kutoka kwenye figo. Kisha nikazungusha sehemu nyingine, polepole kama nilivyofundishwa, nikatazama chini ya mrija. Hapakuwa na kitu. Nilitazama chini ya hadubini, uwanja hadi uwanja, kama tunavyoliita lile duara linaloonekana ndani ya lenzi. Hakuna damu, hakuna seli nyeupe. Niliandika nilichokiona.

Haukupita muda Daktari Njeru aliingia na karatasi yangu mkononi. Alikuwa kijana wa Embu, mpole, mwenye tabia ya kuja mwenyewe maabara badala ya kutuma mtu, na kwa hilo tulimpenda. Alisema karatasi yangu na mtoto haviongei lugha moja. Mtoto ana presha ya juu, na mama anasema mkojo umekuwa wa turungi siku kadhaa. Damu imekwenda wapi?

Naomba vijana waelewe tatizo lake. Figo ina machujio madogo sana yasiyohesabika, na kuna njia mbili za kuharibika zinazofanana kwa nje, kwa sababu zote huvimbisha mtoto. Kwa njia ya kwanza, chujio linavuja protini lakini ndani kumetulia. Mtoto kama huyo angeweza kurudi nyumbani na tarehe ya kliniki. Kwa njia ya pili, chujio linawaka moto. Huyo lazima alale hospitali, anyimwe chumvi, apimiwe maji, presha iangaliwe kila wakati, maana inaweza kupanda mpaka akapata degedege na kufa. Wadi ya watoto ilikuwa imejaa, watoto wawili kila kitanda. Karatasi yangu ilisema njia ya kwanza. Moyo wa daktari ulisema ya pili. Na Wangeci hakuweza kutoa mkojo mwingine, kwa sababu tangu asubuhi hakuwa na wa kutoa.

Daktari alimpa kitanda kwanza, akaniomba niongee na mama. Nilimkuta kwenye benchi nje ya maabara, kiondo magotini.

"Mama, huu mkojo ulikuwa hivi hivi ulipotoka?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama anajua kupika. "Ni ya Wangeci. Ama unafikiria ni ya ng'ombe?"

Nilimwambia sina shaka ni wa Wangeci. Nilitaka tu kujua ulikuwa na rangi gani.

"Ilikuwa chafu," akasema. "Ilikuwa kama turungi, tena iko na moshimoshi."

"Na sasa ni safi."

"Si nimechuja?"

Nyuma yangu nilisikia Mzee Ndirangu akiweka mrija mezani, taratibu sana.

Mama Wangeci alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kujivunia. Jioni alikuwa ameuacha mkojo ukae kwenye jagi mpaka uchafu wote ukashuka chini. Asubuhi akaumimina ule wa juu polepole, akamwaga mashapo, halafu akauchuja kwa kitambaa cha maziwa, mara mbili. Yeye hupeleka maziwa kwenye kituo cha ushirika kila asubuhi, na karani wa pale akiona hata unyasi mmoja ndani ya mkebe humrudisha mtu mbele ya majirani wote. Yeye hajawahi kurudishwa.

"Ati nitoke Mukurweini nilete hospitali kitu iko na takataka?" aliuliza. "Watu wa Nyeri watasema sisi ni watu gani?"

Mzee Ndirangu alikuja mlangoni akipangusa macho kwa kiganja. Alimwita mwari wa maitu, kama mtu anavyomwita dada yake wa tumbo moja. "Mwari wa maitu," akasema, "hiyo takataka ndiyo tulikuwa tunangoja."

Mama hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha akatuhakikishia kwamba kitambaa kilikuwa kipya na amekifua kwa maji moto. Nimekunywa chai nyingi Mukurweini tangu siku ile, na kila mara nimeamini neno lake.

Alasiri Wangeci alitoa mkojo kidogo sana, na muuguzi akauleta mbio kabla haujapoa. Ukungu ulikuwa umeziba dirisha. Mzee aliwasha karabai, akasogeza chupa ya buluu. Nilizungusha mashine kama mtu anayebembeleza mtoto, nikamwaga maji ya juu, nikaweka tone la chini kwenye kioo.

Sijasahau uwanja ule. Seli nyekundu zilikuwa zimetapakaa, nyingi zimekunjamana kama zilizopitishwa mahali pembamba. Kati yake seli nyeupe, nyingi kuliko nilivyowahi kuona kwenye mkojo wa mtoto. Na kuvuka uwanja mzima ililala mishumaa. Ndivyo tulivyoiita: vipande virefu, vya rangi ya kutu, vilivyomiminwa ndani ya vijifereji vya figo kama nta ndani ya kalibu, vikatoka na sura ya mahali vilikotoka. Ndani ya kila mshumaa seli zilikuwa zimebanana. Kibofu hakiwezi kutengeneza kitu hicho, wala kidonda cha njia ya mkojo. Ukiona mshumaa wa damu, unajua moto uko ndani ya figo yenyewe. Na mishumaa hiyo ndiyo iliyobaki kwenye mashapo na kwenye kitambaa kule Mukurweini.

Mzee Ndirangu alitazama, akasogeza kioo, akatazama tena. "Mwite daktari," akasema hatimaye. "Usikimbie, utaangusha kitu."

Daktari Njeru alitazama, akanyoosha mgongo, akatushika bega wote wawili. Halafu akarudi wadini na kuagiza chumvi iondolewe na maji yapimwe. Alimchunguza Wangeci miguu, akakuta makovu mapya ya vidonda vya upele. Ndipo akanipa jibu la lile swali nililotoka nalo Kangema. Vijidudu vya kidonda vikishakufa, mabaki yao na silaha ambazo mwili uliwarushia husafiri kwenye damu na kunasa kwenye machujio ya figo. Seli nyeupe huyanusa na kuyafuata. Zinapofika hazikuti adui wa kupigana naye, lakini zinapigana.

Watoto wengi wa aina hiyo hupumzika, figo hujituliza zenyewe, na baada ya siku chache mkojo hurudi kwa wingi. Wangeci alikwenda upande mwingine. Mkojo ulizidi kupungua. Mimi ndiye niliyepima urea ya damu yake, uchafu ambao figo ingepaswa kuutoa, na kila nilipopima ilikuwa imepanda. Daktari alimpigia simu mtaalamu wa figo Nairobi, na alipotoka kwenye simu alisema kuna dawa, vidonge vinavyozituliza seli nyeupe, na vianze leo.

Alikwenda kumweleza mama, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli alimweleza yote. Alisema vidonge vitapunguza nguvu ya walinzi wa mwili, kwamba mtoto anaweza kushikwa na ugonjwa mwingine kwa urahisi, na kwa hiyo lazima akae wadini. Mama Wangeci alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kukunja nguo za mtoto na kuzitia kwenye kiondo.

Muuguzi ndiye aliyekuja kutuita. Tulipofika, mama alikuwa ameshamfunga Wangeci shuka mgongoni, mtoto wa darasa la nne, miguu ikining'inia. Daktari alikuwa amesimama kando, vidonge mkononi.

"Mtoto hana nguvu," mama alituambia, "na huyu anataka kumwondolea ile imebaki. Naenda kumpikia supu."

Supu ingekuwa na chumvi. Lakini hata bila chumvi, sote tulijua mtoto yule akipanda basi hatarudi. Wakati ule, kwa watu kama sisi, figo zikifa hapakuwa na mashine ya kufanya kazi yake. Na mama hakuwa mjinga. Aliambiwa maneno ya kweli, na kwa maneno yale mama yeyote mwenye akili angeondoka.

Mzee Ndirangu alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaketi ukingoni mwa kitanda. Aliongea naye Kikuyu, na hakugusia dawa. Alimuuliza wakati wa Emajensi, mkoloni alipopigana na Mau Mau na kuwafungia watu vijijini, aliishi kijiji gani. Mama alimtajia, akiwa bado amesimama. Mzee akasema anakijua, upande wa chini kulikuwa na handaki. Akamuuliza kama askari waliwahi kuja kwao kupekua.

"Walikuja kutafuta ndugu yangu," mama akasema. "Alikuwa ametupitia akaenda zake siku nyingi."

"Walipomkosa walifanya nini?"

"Walivunja nyungu. Walimwaga mahindi. Walitoboa debe la maji."

"Wakaenda?"

"Walirudi. Kila wakimkosa, wanarudi."

"Mwari wa maitu," Mzee Ndirangu akasema, "hivyo ndivyo kulivyo ndani ya figo ya huyu mtoto. Kidonda kilileta adui. Adui ameondoka siku nyingi. Askari wa mwili wake bado wako ndani ya nyumba, na kwa kuwa hawampati wanayemtaka, wanavunja. Dawa hii inawaambia watoke nje."

Mama Wangeci alimtazama Mzee, akamtazama daktari, halafu akauliza swali ambalo mpaka leo naona ni zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye semina.

"Na wakitoka, nani atalinda nyumba?"

"Sisi," Mzee akasema. "Ndiyo sababu tunataka mkae hapa."

Mama alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza. Kiondo akakisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Daktari Njeru alitoa kidonge cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe, na mama akashika kikombe cha maji, akiwa ameshaulizia ni maji kiasi gani yanaruhusiwa.

Kuanzia hapo, kila asubuhi, Mama Wangeci alileta mkojo mwenyewe. Hakumwachia muuguzi. Alitembea barazani ameshika chupa kwa mikono miwili kama aliyebeba sadaka, na akifika mlangoni alitangaza, "Sijachuja." Wagonjwa wa benchi walikuwa wanaangua kicheko, na yeye, nadhani, alianza kukifurahia. Siku za kwanza hakukuwa na la kumwambia. Mishumaa ilikuwa pale pale, na urea haikuteremka. Mzee Ndirangu, aliyeahidi ulinzi, aliacha kunitania, na hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa.

Kisha asubuhi moja chupa ilikuja imejaa, na mama akasema nyingine kama hiyo imebaki wadini. Rangi ilikuwa bado ya chai, lakini chai ya mtu anayebana majani. Nilitazama. Seli nyeupe zilikuwa zimepungua. Nilitazama tena kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku zilikuwa chache zaidi, mpaka mishumaa iliyotoka ikawa mitupu, myeupe, haina kitu ndani. Ilikuwa kama kutazama watu wakitoka mmoja mmoja kwenye uwanja wa nyumba na kufunga lango nyuma yao. Urea ilishuka. Macho ya Wangeci yalifunguka, na tukagundua ana vishimo mashavuni.

Baadaye, alipopata nguvu, alipelekwa Nairobi wakamtoa kipande kidogo cha figo kwa sindano, na Daktari Njeru aliomba kioo kilichowekwa kipande hicho kije Nyeri ili nasi tuone. Chini ya hadubini machujio yalionekana kama mabunda madogo ya uzi. Kwenye machache, seli nyeupe zilikuwa zimejazana ukingoni zikafanya umbo la mwezi mchanga, zimelibana bunda mpaka limekuwa kovu. Lakini mengi, mengi sana, yalikuwa yamefunguka tena. Tuligombania hadubini kama watoto. Mzee Ndirangu alishinda kwa cheo.

"Sasa nimeona nyumba yenyewe," akasema.

Nimesoma mengi tangu wakati ule, kadiri vitabu vilivyonifikia. Kendi ataniambia kwamba mfano wa Mzee haujakamilika, kwamba seli hizi ni za aina nyingi, nyingine kazi yake ni kuwatuliza wenzake, na kwamba hata zile kubwa zinazovunja zinaweza baadaye kubadilika na kusaidia kujenga upya. Ni kweli. Nilimwambia Mzee jambo hilo nilipomtembelea shambani kwake baada ya yeye kustaafu. Alikuwa anapogoa kahawa. Alifikiri, kisha akasema hata hilo yeye aliliona, kwamba kuna homgadi, wale walinzi wa kijiji waliomtumikia mkoloni, waliokuja baadaye kuezeka paa za watu, bila kuombwa, na bila kusema neno. Akaendelea kupogoa.

Nami niliendelea na barabara zangu. Embu mara ya pili, Meru, Karatina. Popote penye ng'ombe wa maziwa niliwaambia akina mama wasichuje. Meru walinicheka na kuuliza ni nani mwenye wazimu wa kuchuja mkojo. Sikuwajibu, kwa heshima ya Mukurweini. Mzee Ndirangu alipofariki nilikuja kumzika, na nilimwona Mama Wangeci jikoni kwenye matanga, amesimamia mikebe ya maziwa na kukagua vitambaa vya wenzake.

Miaka yangu ya mwisho niliimalizia Nyeri, pale pale nilipoanzia. Na wiki yangu ya mwisho kabisa, Wangeci alikuja. Ni mwalimu sasa, ameolewa, na alikuwa na mimba ya kwanza. Daktari wa kliniki alisoma historia yake akakunja uso, kwa sababu mimba huitwisha figo mzigo, na figo yenye makovu inaweza kushindwa. Kama ule moto umerudi, kungekuwa na maamuzi ambayo hakuna mwanamke anayetaka kuyafanya. Alikaa kwenye benchi nje ya maabara, na kando yake mama yake, kitambaa cheupe kichwani, kiondo magotini.

Kendi alichovya kikaratasi chake, akasema hakuna protini, Mzee, inatosha. Siku hizi mtu wa miaka arobaini na kitu akishavaa miwani anaitwa Mzee. Nikasema haitoshi. Niliishusha mashine ya mkono kutoka juu ya kabati, nikaifuta vumbi, nikazungusha polepole. Niliweka tone kwenye kioo, nikatazama uwanja mmoja, kisha mwingine, kona mpaka kona, nikarudia. Nilikuwa na tone la pili, nikalitazama nalo.

"Njoo uone," nikamwambia Kendi.

Aliinama akatazama. "Sioni kitu."

"Tazama vizuri."

Alitazama vizuri, maana ni mtu wa kazi. "Mzee, hapa hakuna kitu kabisa."

"Hicho ndicho nilitaka ukione."

Nilitoka nje. Wangeci alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Nilimwambia mkojo ni safi. Alifumba macho. Mama yake aliinuka, akanyoosha sweta, akaniangalia usoni ili nisiwe na shaka yoyote.

"Na hatujachuja," akasema.